Harufu ya Mnanaa

"Wino mbichi humpaka aubebaye." Mmeisikia leo, mnauliza imetoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki. Ilikuwa huko Marekani, watu walipokuwa wamechoka kutawaliwa na mfalme wa Uingereza, ila vita havijaanza.

Kwanza Tabitha alitambua harufu. Kila alipopita dukani kwa Bi Mehitabeli, mjane jirani yao, birika lilinukia mnanaa. Hakumwambia mtu. Hakuwa msemaji.

Mji mzima ulikuwa umekula kiapo cha kutokunywa chai, kwa kuwa mfalme aliitoza kodi. Aliyevunja kiapo, jina lake lilichapwa gazetini ili atengwe. Mchapaji alikuwa Josia, baba yake Tabitha. Tabitha mwenyewe alianika karatasi kwenye kamba, maana zilitoka mtamboni na wino mbichi.

Asubuhi moja akaingia Amosi, fundi mapipa, anahema.

"Mehitabeli anachemsha chai kila siku. Birika nimeliona kwa macho yangu."

"Umeionja?" Josia aliuliza huku akicheka.

"Nionje sumu ya mfalme? Wewe chapa tu, bwana. Au na wewe ni mtu wake?"

Kicheko kikamkauka Josia. Akapanga herufi za jina la mjane. Tabitha akaanika karatasi moja baada ya nyingine. Kabla hazijakauka, Amosi akanyakua kadhaa, akatoka nazo mbio.

Kufika adhuhuri, duka la mjane lilikuwa limevamiwa, halina dirisha zima. Unga ulikuwa umemwagwa barabarani, na mlango mweupe umejaa alama za vidole vyeusi. Birika lilikuwa limepasuliwa. Ndani yake mlikuwa na majani ya mnanaa matupu, hata jani moja la chai hakuna.

Josia akachapa masahihisho haraka, akayapeleka mwenyewe, Tabitha nyuma yake. Walimkuta Bi Mehitabeli ameshapanda mkokoteni pamoja na godoro lake.

"Pokea, jirani. Nimelisafisha jina lako."

Mjane aliitazama karatasi, wino wake bado unang'aa. Akatazama vidole vya Josia, kisha vya Tabitha.

"Kaa nayo," alisema taratibu. "Wino mbichi humpaka aubebaye."

Farasi akavuta. Josia alibaki palepale na karatasi yake. Tabitha aliufuata mkokoteni mpaka kwenye kona, akashika ubao wa nyuma kwa vidole vyake vyeusi.

"Ulikuwa mnanaa, bibi," alisema. "Nilijua tangu mwanzo."