Mtoto wa Pekee wa Sungura Pamba

Siku ile walikuwepo wanne uani kwa akina Mwanahawa, huko milimani Lushoto. Mwanahawa mwenyewe, binti wa miaka tisa. Kilua muuza maziwa, ambaye jicho lake halipitwi na kitu. Fundi Shemweta, seremala anayejua kila mti wa kijiji. Na Bi Sikudhani, msusi wa mikeka.

Ndani ya banda alilala sungura Pamba, mwenye mimba, hali wala hanywi. Bibi yake Mwanahawa alimwachia sungura huyo kabla ya kufariki.

"Atakayemponya nitampa mtoto wa kwanza wa Pamba," Mwanahawa alisema akilia. Hakuna aliyemcheka.

Kilua akainama bandani. "Mwanangu, tangu jana humu hamna kinyesi. Na mkeka huu umetafunwa pembeni." Ulikuwa mkeka wa nyuzi za plastiki. Akauvuta nje kabla Pamba hajameza zaidi.

Fundi Shemweta akasema, "Meno ya sungura hukua kila siku, lazima atafune kitu. Vipande vya mbao ninavyo gunia zima, lakini vyote vimepakwa dawa ya mchwa." Akapanda kilima mpaka kwenye mtufaha usiowahi kupuliziwa dawa, akakata vijiti, akaviosha. Pamba, aliyekuwa amekataa hata majani, alinusa gome, akaguguna. Jioni akala majani.

Lakini bila mkeka, waya wa sakafu ulimchubua nyayo. Akajikunyata, hataki kutembea, na tumbo likaanza kugoma tena. Bi Sikudhani akaweka kando mkeka wa bibi harusi, akasuka mwingine wa nyasi kavu, bila rangi wala uzi. "Huu hata akiula, ameshiba tu," alisema. Kesho yake Pamba alikuwa anarukaruka.

Akapona. Akazaa mtoto mmoja tu.

"Nisingeona mimi, mngekuwa mmeshamzika," alisema Kilua.

"Dada, kuona si kulisha," akajibu fundi. "Magoti yangu yanakijua kile kilima."

"Na angelala wapi, fundi, juu ya vijiti vyako?" Bi Sikudhani aliuliza. Wakacheka wote. Kisha akainamisha kichwa. "Ila niseme ukweli. Mkeka ule wa plastiki niliuleta mimi. Nilimwonea huruma kwa ule waya. Sikujua kama angeutafuna."

Mwanahawa akamtazama, akawatazama na wenzake. Kila mmoja alikuwa amemfanyia wema, na mmoja wao wema wake wa kwanza nusura umuue Pamba.

Enyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo: mtoto huyo apewe nani? Aliyeona, aliyelisha, au aliyekosea kwa huruma akarekebisha kwa mikono yake? Je, wewe ungeamua vipi?

Mtoto wa Pamba ameshafungua macho. Bado ananyonya.