Ufunguo wa Friji la Bi Mwanakombo

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale ndani, maana leo nataka mahakimu, sitaki watu wa kukoroma. Nina kesi ya wanawake watatu na friji moja bovu, na mimi imenishinda.

Huko Ngamiani, Tanga, Bi Mwanakombo aliishi na wake watatu wa wanawe. Saumu, mke wa mwana mkubwa, alijaliwa sikio. Pampu ya jirani ikikohoa, yeye yuko jikoni kwake anakwambia ugonjwa wake. Mishi, wa pili, alijaliwa mdomo: angekuomba kiatu ulichovaa, nawe ukavua huku unacheka. Tunu, bibi harusi wa juzi tu, alijaliwa vidole. Pasi iliyokatika waya, feni iliyogoma, vyote vilipita mikononi mwake vikarudi kazini.

Sasa, friji la Bi Mwanakombo lilikuwa la zamani, lile la kufunga kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Nyama, maziwa, barafu ya kumpa jirani, hakuna kilichotoka bila pindo kufunguliwa. Katika nyumba ile, mshika ufunguo ndiye mwenye nyumba.

Na Saumu aliutaka ufunguo ule, jamani, aliutaka mpaka unamuuma. Si kwa ulafi. Mumewe alishafariki, mtoto hakujaliwa, na wageni wa ukoo kila wakija alisikia wakinong'ona, "Huyu naye anangoja nini, si arudi kwao?" Mshika ufunguo nani atamwambia arudi kwao? Lakini siku hizi Bi Mwanakombo kila kitu ni Tunu. Tunu mwanangu nipe maji, Tunu mwanangu njoo unikande mguu. Saumu akilisikia hilo "mwanangu," anaisukuma sahani pembeni.

Basi friji likafa. Fundi akaja, akaligonga ubavuni kama anayechagua tikiti maji, akasema, "Mashine imekufa hii, mama. Nunueni jipya."

"Jipya nilinunue kwa pesa gani, na zote zinaishia kwenye dawa ya haya magoti yangu mabovu?" Bi Mwanakombo akafoka. Kisha akawageukia wanawake. "Sikilizeni. Atakayelifufua friji hili, ufunguo wake, mie nimechoka. Mkishindwa, Ijumaa linachukuliwa na wa vyuma chakavu."

Saumu alingoja wenzake watoke, akachomeka waya, akatega sikio nyuma ya friji. Mashine ikaguna, ikaguna, kisha tak! Kimya. Baada ya kitambo ikaguna tena. Saumu akatabasamu. Mashine iliyokufa haiguni. Kilichoungua ni staata, kile kidude kidogo kilichobanwa ubavuni mwa mashine ili kiisukume iwake. Angesema siku ile ile, yangekwisha. Hakusema ng'o! "Nimwambie nani," alijiuliza, "Tunu? Aunge nyaya zake, kisha aitwe mwanangu mara mbili?" Akachomoa waya, akaenda kuzunguka madukani peke yake kutafuta staata. Kila duka walimwambia friji hilo limepitwa na wakati, vifaa vyake havipo tena.

Ijumaa mkokoteni ukafika mlangoni. Wanaume walipoliinamisha friji, Saumu akapiga ukelele. "Liacheni! Mashine nzima hiyo, imeungua staata tu!"

Mishi akamtazama juu mpaka chini. "Na umejua lini, dada?"

"Sasa hivi."

"Sasa hivi, na halijachomekwa?"

Saumu akawageukia wa mkokoteni. "Lirudisheni ndani!"

Mishi naye hakupoteza muda. Jirani yao Bi Hasina alikuwa na friji kama lile, lilikufa zamani akaligeuza kabati la vyombo vya harusi yake, na tangu afe mumewe hakuruhusu mtu aliguse. Mishi akaingia, akakaa, wakacheka, wakalia kidogo, wakacheka tena. Alipotoka, staata ilikuwa kiganjani mwake. Bi Hasina mwenyewe alimwamuru mwanawe aichomoe.

"Umempa nini?" Saumu akauliza.

"Nimemwahidi barafu ya futari Ramadhani nzima."

"Barafu ya friji la nani?"

"Langu," akasema Mishi, "ufunguo nikiupata." Ebo! Kitu hakijawaka, mtu kashakigawa.

Ikabaki kazi ya Tunu. Akahakikisha waya umechomolewa, akalala chini nyuma ya friji. Staata ya Bi Hasina ilikuwa na kutu na haikukaa sawa. Akaikwangua kwa kisu, akavinyoosha vibanio vyake taratibu, akafunga nyaya kwa utepe. Ikakaa. Mnajua akafanyaje? Akatoka anajifuta jasho, akawaambia wenzake, "Bado, gumu." Akangoja Bi Mwanakombo arudi kutoka msibani, aliwashe mbele yake.

Saumu alikuwa jikoni akikuna nazi. Akasikia mngurumo, mwembamba, ulionyooka, bila tak. Mkono ukasimama juu ya mbuzi. Halafu ikaja sauti ya mkwewe: "Tunu mwanangu! Umelifufua!"

Saumu alikimbia na nazi mkononi. Mishi naye huyo, kaja mbio. Yakatoka yote pale, nani alinyamaza, nani aligawa barafu isiyo yake, nani alificha kazi iliyokwisha. Bi Mwanakombo akasikiliza mpaka mwisho, akafungua pindo, akatoa ufunguo. Mikono mitatu ikanyooka mbele yake.

Haya, mahakimu, msinitazame mimi. Bila sikio, friji lingekuwa chuma chakavu. Bila mdomo, staata ingebaki kwenye kabati la mjane. Bila vidole, isingekaa. Ungekuwa wewe Bi Mwanakombo, ufunguo ungemwekea nani kiganjani? Jibu, ila sema polepole: Saumu yuko jikoni, na sikio lake unalijua.