Nani Aliuchora Mstari wa Chai?

Kaeni vizuri, niwagombanishe. Hadithi yangu haina jini wala mfalme. Ina wakulima wa chai wa milimani Rungwe, na nikifika mwisho nitawaachia kazi, maana mimi imenishinda na bado inanichoma.

Walikuwapo watu watatu katika ushirika mmoja, kila mtu na kipaji chake. Bi Sekela, mpima majani kwenye kituo cha kupimia chai, alikuwa na kipaji cha kutochoka. Akianza jambo, haliachi. Mwalimu Ambakisye, mstaafu na katibu wa ushirika, alikuwa na jicho la kuona kosa. Mpe ukurasa mzima wa tarakimu, ile moja iliyokaa vibaya ataigusa kwa kidole kabla hujamaliza kumsalimia. Tumpe, fundi wa kompyuta pale sokoni, alijua kulichora jambo mpaka asiyesoma akalielewa.

Ushirika huo ulikuwa na hisa katika kampuni ileile inayonunua majani yao. Wakulima wangebaki na hisa, wangekuwa na sauti kilo ya majani inapopangiwa bei. Wangeziuza, wangebaki kuwa watu wa kuchuma na kunyamaza.

Sasa msikilizeni Bi Sekela. Kila Ijumaa jioni redio ilisoma bei za hisa, na mtangazaji alizisoma mbio mbio, kama vile amewekewa chakula mezani. Bi Sekela alikaa na daftari la shule magotini, akangoja jina la kampuni yao, akaandika tarehe na bei. Mumewe alimcheka. "Bei ya kitu usichouza unaiandikia nini?" Aliandika miaka kumi na mmoja. Ijumaa nne tu ndizo hakuandika, na alipokuja kuulizwa na Mwalimu kama azijazie kwa kukisia, alisema, "Ziache wazi hivyo hivyo. Nilikuwa namuuguza mama yangu, nikamzika."

Siku moja akaja mnunuzi kutoka mjini, shati limenyooka, maneno laini. Akasema hisa zao zinaporomoka, naye kwa huruma yake atazinunua zote kwa bei ya juu kidogo kuliko ya soko. Wanachama wakataka kuona kwa macho. Mwenyekiti Mwasomola akamwita Tumpe, na Tumpe akaomba madaftari ya Bi Sekela.

Tumpe aliziingiza bei zote kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila Ijumaa, siku sita mfululizo mpaka vidole vikamuuma. Kisha akafungua programu ya kuchorea grafu, ya zile zilizotungwa na watu wa huku na huko duniani na kuachwa wazi, yeyote azichukue bure na kuzirekebisha. Naye aliirekebisha. Miezi akaiandika kwa Kiswahili, mstari akaunenepesha ili uonekane hata na wa benchi la nyuma. Akaubandika ukutani.

Mama yangu! Mstari ulipanda taratibu miaka minane, kisha ukaanguka wima. Kutoka shilingi elfu mbili na mia nne hadi mia mbili na arobaini, wiki moja tu! Halafu ukajikokota huko chini.

Watu hawakumgeukia mnunuzi. Walimgeukia Bi Sekela.

"Miaka mitatu unaandika tunavyoanguka, na umekaa kimya?" mmoja akafoka. "Mama, ulikuwa upande wa nani?"

Bi Sekela alisimama. "Miaka kumi na mmoja nimeandika, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza nimeandika nini! Leo ndiyo mmejua nina daftari?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hadithi lazima iseme kweli. Ijumaa ile ya anguko alidhani mtangazaji amekosea. Akaweka alama ya kuuliza pembeni, akafunga daftari, asimwambie mtu.

Wakakubaliana kuuza Jumatatu.

Mwalimu Ambakisye hakulala vizuri. Aliazima jedwali la Tumpe, akalikodolea macho Jumamosi nzima na Jumapili baada ya ibada. Kitu kilichoporomoka kweli, alijiambia, hakiporomoki kwa kipimo namna hii. Mbona bei mpya ni sehemu ya kumi kamili ya ile ya zamani? Na mbona mwaka uleule gawio lao, ile faida ya hisa wanayolipwa kila mwaka, halikupungua hata kidogo? Akaenda kwenye sanduku la makaratasi ya ushirika. Chini kabisa akakuta barua ya kampuni, ya miaka mitatu iliyopita, ya Kiingereza cha wanasheria. Ilisema kila hisa moja imevunjwa kuwa hisa kumi. Mwenye arobaini sasa ana mia nne. Bei ilikuwa imekatwa vipande, thamani iko palepale.

Nani aliyeipokea barua hiyo na kuitupa sandukuni bila kuwasomea wanachama? Yeye mwenyewe, Mwalimu Ambakisye, katibu.

Angeweza kuichana. Hakuichana. Aliongeza safu mpya katika jedwali, bei zote za kabla ya barua akazigawa kwa kumi, kisha akaenda kwa Tumpe na barua mkononi, akamwambia kila kitu, na aibu yake juu.

Jumatatu asubuhi Mwalimu akawasomea wanachama barua na kukiri kosa lake, kisha Tumpe akabandika grafu ya pili juu ya ile ya kwanza. Hapakuwa na anguko. Mstari ulitoka shilingi tisini, ukapanda, ukapita mia mbili na arobaini bila kujikwaa, ukafika mia tatu na kumi. Bibi mmoja asiyejua kusoma aliufuata kwa fimbo yake tangu chini hadi juu, akamgeukia mnunuzi. "Mwanangu, huku ndiko kuanguka?"

Mnunuzi aliondoka, hata chai hakuimaliza.

Basi kampuni iliposikia kwamba wakulima hawauzi, na kwamba hisa zao si haba, ikawaandikia: ushirika una haki ya kiti kimoja kwenye bodi. Mtu mmoja, atakayeketi mezani wakati bei ya majani inapangwa. Leteni jina.

Mwenyekiti Mwasomola hata hakufikiri. "Apewe Tumpe! Picha ndiyo iliyotuokoa." Makofi yakalia.

Bi Sekela damu ikamchemka. Si kwamba alimchukia Tumpe. Alimpenda. Lakini majani ya watu wale alikuwa ameyapima kwa mikono yake, alijua ni nani hulipwa pungufu na kwa sababu gani, na kwa miaka mingi alikuwa na maneno ya kusema kwenye meza hiyo. Leo meza imefika, na jina lake halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

"Naomba madaftari yangu," alisema.

"Ya nini tena, mama?" akauliza Mwenyekiti.

"Nayataka. Na bei zangu zitolewe humo kwenye kompyuta."

Ukumbi ukaguna. Tumpe alimtazama, akawasha kompyuta, akaigeuzia watu waone grafu, akaificha safu ya bei. Ikabaki mistari miwili mitupu ya pembeni mwa grafu, mmoja umelala, mwingine umesimama.

"Hiyo ndiyo picha iliyowaokoa," alisema Bi Sekela.

"Shangazi, umesema kweli," Tumpe akajibu. Akazirudisha bei, akaitoa safu ya Mwalimu. Anguko likarudi palepale, na watu wakashtuka upya ingawa walijua. "Na hiyo ni bila Mwalimu."

Mwalimu naye akatoa jedwali lililochapwa, mistari mia tano sitini na minane, akamkabidhi Mwenyekiti. "Wasomee wanachama bei hizo, bila picha ya Tumpe. Tuone kama wataelewa." Mwenyekiti alisoma mistari mitano, akafuta miwani, akaacha.

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka sawasawa.

"Bila mimi mngechora nini?" alisema Bi Sekela.

"Ungesema Ijumaa ile," akajibu Mwalimu, "tusingefika hapa."

"Wewe mwenye barua ndiye unasema? Miaka mitatu umeilalia!"

"Nimekiri mbele yenu. Na bila mimi hisa zingekuwa kwa yule bwana."

"Nami nimechora mara mbili," alisema Tumpe, na sauti yake nayo ikapanda. "Ya kwanza iliwatisha, sikatai. Nilichora nilichopewa, sikuuliza. Lakini ya pili ndiyo mliyoiamini. Mwalimu alikuja na barua, shangazi ana madaftari tangu zamani, na bado mlikuwa mnatafuta kalamu ya kusaini mpaka mlipoona mstari."

Mwenyekiti aliipiga meza. Mmoja akapendekeza wapokezane kila mwaka. Barua ya kampuni ilikataa: jina moja, kwa miaka mitano. Mwingine akasema kura ipigwe. Ikapigwa. Watatu hao wakagawana sawasawa, hakuna aliyezidi hata kwa kura moja, na kura ya kuamua ikabaki kwa Mwenyekiti, ambaye ghafla akadai tumbo linamsumbua, akatoka nje na hakurudi.

Fomu iko mezani, na gari la kampuni linalokuja kuichukua limekwisha kupiga honi. Bi Sekela amesimama, ameyakumbatia madaftari yake. Mwalimu anatazama sakafu. Tumpe hajaizima kompyuta. Mwenyekiti amekimbia, mimi si mwanachama, umebaki wewe.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili uliowaacha, ungewaambia nini wakiwa wamesimama hapo mbele yako?