Jogoo wa Mwanjaa Alale kwa Nani?

Zamda alinikuta nimechutama kando ya ndoo, yai mkono wa kushoto, stili waya mkono wa kulia, nasugua huku napiga mluzi.

"Shemeji," aliniita taratibu, kwa sauti ile anayosemeshwa mlevi aliyepanda juu ya paa. "Unafanya nini?"

"Naosha yai. Lina tope."

"Hilo si tope. Hiyo ndiyo rangi yake."

Nikaligeuza. Upande mmoja lilikuwa la rangi ya kahawa iliyokaangwa ikakolea. Upande niliousugua lilikuwa limepauka kama kisigino changu. Mimi huyu, dereva wa malori, niliyekula mayai Lubumbashi, Kigali na Mombasa, ya kuku, ya bata, na mengine ambayo sikuuliza mama yao nani, sikuwa nimewahi kuona yai kama lile. Nikasugua. Kumbe lilikuwa yai la kwanza la mtetea aliyesubiriwa na ukoo mzima wa mke wangu tangu Bi Mwanjaa azikwe.

"Kaa hapo," Zamda akasema. "Na usiguse kitu kingine kinachotoka kwenye kuku."

Nikakaa. Na kwa kukaa huko ndiko nilikosikia mambo haya, ambayo nawaleteeni ninyi kwa kuwa mimi yamenishinda.

Bi Mwanjaa alikuwa mama mkubwa wa mke wangu, kijiji kimoja nje kidogo ya Singida. Alikuwa na mbegu yake ya kuku. Mwili mweusi tii, shingo nyekundu ya shaba, na mayai ya rangi hiyo niliyoiosha. Kule kuku huitwa kwa banda analolala, hivyo watu walisema tu "kuku wa kwa Mwanjaa", na kila mtu alijua. Siku moja jirani aliazima jogoo. Jogoo akarudi na ugonjwa wa mdondo, na banda zima likateketea. Bi Mwanjaa naye hakukaa sana. Aliacha watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake, na kila mmoja na wivu wa kutosha kuwasha jiko bila mafuta ya taa.

Zamda, mkubwa, alikuwa na sikio. Akisikia kuku analia bandani, anakwambia ni yupi, katagia wapi, na yai lina rangi gani. Kwake kulikuwa na mtetea mmoja tu wa damu ya mama yake. Sura yake ilikuwa aibu tupu, kijivu chenye vidoti, lakini mayai yalikuwa yaleyale, ya kahawa. Mdondo ulipoingia kijijini, Zamda alimhamishia mtetea chumbani. Mumewe alipouliza yeye atalala wapi, akajibiwa, "Wewe hutagi. Barazani kuna mkeka." Mtetea akapona. Mume akapata mafua.

Hango, wa kati, alikuwa na jicho. Akiona kifaranga hata hajakauka, anakwambia atavaa manyoya gani akikua. Siku moja mnadani alimwona jogoo amefungwa miguu, kichwa chini, mkononi mwa muuza supu, na sufuria inachemka. Mweusi tii, shingo ya shaba. "Huyu ni mjukuu wa jogoo wa mama," akasema. Muuza supu akasema yeye hajui ukoo, anajua supu. Hango akamwachia baiskeli yake akamchukua jogoo. Mvua ikamkuta njiani. Akavua koti, akamvisha jogoo, akafika nyumbani mmoja wao akiwa mkavu.

Sikitu, kitindamimba, alikuwa na stahamala. Huyo anaweza kungoja maji yachemke bila kufunua sufuria. Jogoo wa Hango alipompanda mtetea wa Zamda, mayai aliwekewa kuku wa Sikitu ayaatamie, maana hakuna kijijini anayeatamia kama yeye. Karibu na kutotoa, siafu wakavamia kiota, kuku akakimbia. Siku hiyohiyo binti wa Zamda anaolewa! Sikitu akayafunga mayai kifuani kwa kitenge, akajitanda khanga mbili juu, akaenda harusini. Hakucheza. Hakukumbatia mtu. Alikaa kama sanamu, jasho likimtiririka.

"Mwone," Zamda aliwaambia wageni, wala hakunong'ona. "Wivu tu. Wa kwake hajapata mchumba."

Sikitu akanyamaza. Aliniambia baadaye, "Ningesema, wangetaka kushika wote. Harusi nzima ingepita kifuani kwangu." Akayabeba yale mayai na matusi pamoja, mpaka shehe aliponyamaza kidogo kuvuta pumzi, na kifuani kwa Sikitu kukasikika: pii.

Walipona watatu. Jogoo mmoja na mitetea wawili, wote weusi, shingo za shaba. Mwewe alishamchukua jogoo wa Hango, mtetea wa Zamda alishazeeka akaacha kutaga. Basi duniani wamebaki hao watatu tu. Wakakuzwa kwenye banda la marehemu, ndugu wakipokezana kuwalisha na kuchunguzana nani kawapa pumba nyingi kuliko mwenzake. Lililobaki ni kujua mayai yatakuwaje. Jana mtetea mmoja akataga. Leo asubuhi mimi nikaosha.

Zamda aliliweka yai juu ya pumba, upande uliopauka chini. Alasiri wenzake wakaja. Hango akainama, lile jicho lake likaenda moja kwa moja.

"Ligeuze."

"Ya nini?"

"Dada, ligeuze."

Likageuzwa. Hango akamtazama Sikitu. Sikitu akamtazama Zamda. "Umelibadilisha!" wakasema wote wawili. Zamda akaninyooshea kidole, na mimi nikainua stili waya kama mtu anayejisalimisha polisi. Ndipo wakacheka. Kisha wakakumbuka kilichowaleta, wakaacha kucheka.

Maana mvua ya juzi imeangusha ukuta wa banda la marehemu. Leo lazima kuku wapate pengine pa kulala. Na kuku akishazoea kulala mahali, hapo ndipo kwao, na hilo ndilo jina lake. Hakutakuwa tena na kuku wa kwa Mwanjaa. Watakuwa wa kwa Zamda, au wa kwa Hango, au wa kwa Sikitu, hata wajukuu.

"Rangi ya yai imetoka kwangu," Zamda akasema. "Jogoo wako, Hango, alitaga lini?"

"Na mtetea wako alipendeza lini? Bila jogoo wangu ungekuwa na mayai mazuri ya kuku wabaya."

"Bila kifua changu," Sikitu akasema, "mngekuwa mnagombania maganda."

"Kifua chako kilininyima furaha harusini kwa mwanangu!"

"Na mdomo wako je, dada?"

Nikaona niingilie. "Kuku watatu, watu watatu. Gawaneni."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo wote watatu wakakubaliana, kwamba mimi ni mjinga. "Atakayepewa jogoo," Sikitu akauliza, "atataga yeye mwenyewe?"

"Basi wazunguke. Mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule."

Hango akatazama chini. "Jogoo wa mama naye alizunguka."

Sikitu akalisogeza karibu yake tenga walimofungiwa kuku.

"Shemeji," Zamda akanigeukia, "wewe huna kuku, huna wivu. Tuamulie, jua linashuka."

Kuku sina, kweli. Wivu ninao. Katika safari zangu zote hawajatokea watu watatu wa kugombania nilale kwa nani, na jogoo yule ndani ya tenga alinitazama kama analijua hilo.

Haya, ndugu msikilizaji. Mmoja alilinda yai, mumewe akalala nje. Mmoja alilinda manyoya, akarudi kwa miguu na mvua. Mmoja alilinda uhai, akaitwa mwenye wivu mbele ya watu. Ukimtoa yeyote, hakuna kuku. Kuwagawa ni kuwaua, kuwazungusha ni kuwaua. Tenga ni moja, na giza halisubiri. Je, wewe ungeamua vipi?

Mimi nilijificha nyuma ya banda nikampigia mke wangu.

"Siwema, ungekuwa wewe ungempa nani?"

"Kwanza ulilifanya nini yai?"

"Nani kakwambia?"

"Zamda. Halafu Hango. Halafu Sikitu. Kila mmoja kapiga kivyake."

"Sasa niamueje?"

"Mtu asiyejua tope na rangi haamui kuku. Panda basi urudi nyumbani." Akakata simu.