Mfalme Odoni na Supu ya Moto

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini? Na mfalme. Sogeeni basi, na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize.

Hapo zamani za kale, huko Ulaya kwenye barafu, alikuwepo mfalme Odoni. Alitawazwa akiwa na miaka tisa, baada ya baba yake kula samaki aliyetiwa sumu. Toka siku hiyo Odoni akaiogopa sahani kuliko upanga.

Akaweka desturi. Chakula kikitoka jikoni, aonje mtu wa kwanza, asubiriwe saa nzima. Asipokufa, aonje wa pili, saa nzima. Asipokufa, aonje wa tatu, saa nzima. Ndipo mfalme ale.

Akatawala hivyo miaka arobaini. Akapigana vita, akashinda. Akajenga ngome, zikasimama. Ila chakula cha moto hakukijua, maskini. Supu yake ilifika imeganda mafuta juu, akiyavunja kwa kijiko. Waonjaji, wao, walinenepa.

Mchana mmoja baridi ikazidi, na harufu ya supu ikapanda ngazi mpaka chumbani. Uvumilivu ukamshinda. Akashuka peke yake jikoni kwa Bi Gisela, mpishi, mjane mwenye watoto watano.

"Mama, nipe kidogo."

"Ni ya moto, bwana wangu. Pulizia kwanza."

Kupulizia ndiyo nini? Akabugia kijiko kizima.

"Sumu! Ulimi unawaka! Mnyongeni huyu!"

Askari wakaja na kamba. Walijua fika ni moto tu, lakini nani amfundishe mfalme?

Bi Gisela akapiga magoti. "Bwana wangu, nitakunywa bakuli zima, nisubiriwe kama desturi. Ikiwa ni sumu, kamba ya nini tena?"

Akanywa. Saa ya kwanza, mzima. Saa ya pili, mzima. Saa ya tatu, mzima, na mkate ameomba.

Mfalme akaonja kilichobaki chunguni. Baridi tupu.

"Ahaa," akasema, "sasa sumu imetoka."

Akamsamehe Bi Gisela, akamfanya mwonjaji wa nne. Saa moja ikaongezeka. Odoni akafa mzee sana, akisifiwa kwa hekima.

Basi ndugu zangu, mwoga wa kila kitu hula makombo, hata akiwa kitini pa enzi. Hadithi imekomea hapo. Wali wangu unafuka moshi, na mwonjaji sitaki.