Mganda Mkononi, Mvua Mlimani

Hapo zamani, palikuwa na mlima mmoja ulioitwa Shengoro. Kaeni vizuri, wanangu, mjisogeze ili asiyesikia asikie. Kisa hiki nitakianza mimi, lakini mtakimaliza nyinyi.

Mlima wa Shengoro ulikuwa na mtawala aliyeitwa Mkuu. Mkuu hakuwa na askari. Hakuwa na ngome. Alikuwa na bangili ya shaba mkononi, na komeo la mlango wa ghala. Basi.

Ghala lile lilikuwa la watu wote. Wakati wa mavuno kila nyumba ilileta kikapu kimoja cha mtama, na mwaka wa njaa watu walikula humo. Lakini mtama mbichi ukiwekwa ghalani huoza, na ukioza huozesha wenzake. Kwa hiyo Mkuu alisimama mlangoni, akachota punje kutoka katika kila kikapu, akaing'ata. Punje ikilia *ka!* mtama umekauka, uingie. Isipolia, mwenyewe arudi kuuanika.

Sasa swali: mtu aliupataje ukuu? Sikilizeni. Kila mwaka kabla ya masika, kila nyumba ilikata mganda mmoja wa nyasi, na mganda huo uliezekwa juu ya nyumba ya Mkuu. Kila ukoo ulikuwa na fundo lake la kufungia. Mkuu akilala chali kitandani aliyaona mafundo yote juu yake, akajua nani na nani wanamfunika. Mwenyewe hakuruhusiwa kukata nyasi. Hakuruhusiwa kuomba nyasi. Hata kukohoa kidogo na kutazama paa mbele ya wageni ilikuwa aibu.

Na mvua ikipenya ikazima moto mafigani, Mkuu alivua bangili, akachukua jembe, akarudi shambani kwake. Hapakuwa na vita wala matusi. Watu walipeleka miganda yao kwenye nyumba nyingine, na mwenye nyumba hiyo akawa Mkuu.

Siku hizo Mkuu alikuwa Senzota, na paa lake lilikuwa nene kuliko mapaa yote yaliyowahi kuonekana mlimani.

Basi mwaka mmoja mavuno yakawa mengi. Watu wakapanga foleni mlangoni pa ghala na vikapu vyao vichwani. Senzota akang'ata: *ka!* Ingiza. Akang'ata: *ka!* Ingiza. Mara wingu jeusi likatokea juu ya kilele.

"Mkuu, mvua hiyo!" watu wakapiga kelele. "Ng'ata upesi!"

"Meno yangu ni yale yale," alisema Senzota.

"Basi using'ate! Sisi si wageni, Mkuu. Hutuamini?"

Senzota akatazama wingu. Akatazama watu wake. Akajiambia: hawa ndio wanaonifunika, nitawashukuje? Akasogea pembeni. "Ingizeni," akasema.

Vikapu vikaingia vyote bila kung'atwa.

Muda ukapita. Siku moja Kihara, mlinzi wa ghala, akaja kwa Senzota asubuhi, uso umemshuka. Wakaenda pamoja, wakafungua. Harufu ikawapiga kama kofi. Mtama wa juu ulikuwa mzuri, lakini wa chini wote ulikuwa umeoza, mweusi, umeshikana kama matope.

"Mkuu, tuwaambie watu," alisema Kihara.

"Tukiwaambia leo, kesho kila mtu atamshuku jirani yake kwamba ndiye aliyeleta mtama mbichi. Watapigana. Wengine watahama mlima. Hapana. Niapie kwamba hutasema neno wala hutafungua mlango huu."

Kihara akaapa.

Senzota akarudi nyumbani, akawafungua ng'ombe wake.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza mkewe, Naetwe.

"Nyikani, kubadilishwa na mtama."

"Wote? Hata yule wa mahari yangu?"

"Hata yule."

"Basi ungenipeleka na mimi," alisema Naetwe. "Ningepata angalau debe moja."

Senzota hakucheka. Kila asubuhi ya ukungu, wakati mtu haoni hata vidole vyake, yeye na Kihara waliutoa mtama uliooza, wakaumwaga korongoni, wakaingiza mtama mzuri kutoka nyikani. Kidogo kidogo ghala lilianza kujaa.

Lakini korongoni ndiko kulikokuwa na udongo mzuri wa kufinyangia, na Namkunda alikuwa mfinyanzi. Mjane huyu alikuwa na mikono laini na ulimi mkali. Siku moja alichimba udongo akakuta lundo la mtama mweusi, unanuka. Akauchota kwenye kigae, akaenda nao moja kwa moja gulioni, siku ambayo watu wote wa mlima walikuwapo, na Mkuu mwenyewe alikuwapo.

"Mkuu, shikamoo."

"Marahaba, mama. Leo huuzi vyungu?"

"Leo nauza swali. Ghala letu lina nini ndani?"

Senzota alijua kwamba ghala lilikuwa limefika nusu tu.

"Limejaa," akasema.

"Tufungulie tuone."

"Mlinipa komeo ili nifunge."

"Tulikupa komeo uwafungie panya," alisema Namkunda. "Hatukukupa utufungie sisi."

Akaweka kigae chini, kila mtu anuse, akaenda zake.

Tangu siku hiyo watu wakaanza kunong'onezana. Mmoja alisema Mkuu ameula mtama. Mwingine akasema ameuuza, kwani ng'ombe wake wamekwenda wapi? Wa tatu akasema ng'ombe wameibwa, na hiyo ni laana. Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Walimsalimia kama kawaida, "Shikamoo Mkuu," na walipompita wakatazama paa lake.

Wakati wa kuezeka ukafika. Siku ya kwanza hakuna aliyeleta mganda. Siku ya pili ukaja mmoja, wa ajuza ambaye hakusikia habari kwa kuwa alikuwa kiziwi. Nyasi za mwaka jana zilikuwa zimeliwa na mchwa. Senzota akilala chali, badala ya mafundo aliona nyota.

"Fungua ghala, mume wangu," alimwambia Naetwe. "Sasa limejaa kweli. Waone, yaishe."

"Nikifungua kwa sababu nimeshukiwa, leo wataomba kuona ghala, kesho wataomba kuona chungu chako cha mboga."

"Na waone. Kuna mlenda."

Hakufungua.

Hapo ndipo Namkunda alipochukua kikapu kitupu, akaenda mlangoni pa ghala. Watu wakamfuata kwa mbali, kama wanaokwenda njia yao.

"Kihara," alisema Namkunda, "nimekuja kukitazama kikapu changu."

Kihara hakumfukuza. Msishangae. Siku alipopewa kazi ya ulinzi, aliapa mbele ya mlima mzima: *Mwenye kikapu akija kukitazama kikapu chake, nitamfungulia.* Kiapo hicho kilikuwapo tangu enzi za mababu, lakini hakuna aliyewahi kuja. Kuja kutazama kulikuwa kama kumwambia Mkuu kwamba ni mwizi. Sasa Kihara alikuwa na viapo viwili kifuani, kimoja cha watu na kimoja cha Senzota, na mlango ulikuwa mmoja.

"Mama Namkunda, rudi kesho," alisema.

"Kesho nitakuwa na njaa ile ile ya kujua."

Kihara akafumba macho, akavuta komeo.

Ghala lilikuwa limejaa. Limejaa mpaka juu, mtama mkavu, mzuri, unamwagika mlangoni. Mtu mmoja akachukua punje akaing'ata. *Ka!*

Watu wakapiga vigelegele. Halafu wakamgeukia Namkunda.

"Ewe mfinyanzi! Umemfinyangia Mkuu uongo!"

"Ulimi wake huo uchomwe tanuruni pamoja na vyungu!"

"Ahame! Ahame mlima leo leo!"

Wengine wakakimbilia nyumbani kwake, wakaanza kuvitoa vyungu vyake nje na kuvivunja. Wengine, kwa aibu, wakakimbia kukata nyasi, maana wingu lilikuwa limeshasimama juu ya kilele na mvua ilikuwa inakuja. Wakafika kwa Senzota wanahema, miganda mabegani. "Tusamehe, Mkuu! Tutakufunika sasa hivi!" Vijana wakapanda paani.

Senzota alisimama uani kwake. Upande huu aliona paa lake linarudi. Upande ule aliona Namkunda anasukumwa njiani, kifurushi kichwani. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

"Shukeni," akasema.

Vijana wakadhani hawakusikia vizuri.

"Shukeni, nimesema! Na yule mama arudishwe. Hakusema uongo. Mtama aliouonyesha ulikuwa wenu. Uliozea mikononi mwangu, kwa sababu sikung'ata. Aliponiuliza gulioni, ghala lilikuwa nusu, nami nikasema limejaa. Mtama mlioung'ata leo ni ng'ombe wangu."

Akavua bangili, akaingia mlangoni, akaiweka juu ya figa. Akalipokea komeo kutoka kwa Kihara, akaliweka juu yake.

Kila mtu alibaki na mganda wake mkononi, hajui aupeleke wapi.

Mzee mmoja aliyeitwa Mbwana Kiluvia akasema, "Mimi nasema turudi paani. Mkuu alikosa, akalipa kosa lake kwa mali yake yote. Kisha akasema kweli siku ambayo uongo ungemlinda. Nani kati yetu angeweza?"

"Na gulioni je?" mwanamke mmoja akamjibu. "Alituambia limejaa huku akijua ni nusu. Kama njaa ingekuja wiki ile, tungekula neno lake? Mimi nasema tumfunike Namkunda. Yeye peke yake aliuliza hadharani. Sisi tulinong'ona kama panya."

Namkunda, aliyekuwa amerudishwa, miguu bado ina vumbi la kufukuzwa, akasema, "Mimi sikuomba bangili. Niliomba kuona. Lakini msinifanye malaika. Niliuweka mtama ule mbele yenu, nikaondoka. Nilisikia mnamwita Senzota mwizi, na sikujua kama ni mwizi. Nikanyamaza, maana ilinifurahisha kusikilizwa."

"Basi Kihara!" alisema kijana mmoja kutoka juu ya ngazi. "Bila yeye mlango ungekuwa umefungwa hadi leo. Aliogopa, lakini alikumbuka kiapo chake kwetu. Mtu wa kumpa komeo ni yule anayejua kulifungua."

"Kiapo gani?" akadakia mwenzake. "Asubuhi zote zile za ukungu alibeba vikapu, na mchana akatuchekea. Tena kiapo alichomwapia Mkuu amekivunja. Ukimpa siri yako, ataitoboa na hiyo."

"Ni kweli," alisema Kihara taratibu. "Niliwaficha ninyi kwa ajili yake, na nilimwasi yeye kwa ajili yenu. Kila upande una haki ya kuniita msaliti. Lakini niambieni: mlipokuja kuniajiri, mlinifundisha kiapo. Kwa nini miaka yote hamkuja kutazama?"

Hapo yule ajuza kiziwi, ambaye alikuwa amekaa ukutani, chini ya mganda wake uliokuwa peke yake paani, akamvuta binti yake nguo. "Wanasema nini?"

Binti akamwinamia sikioni, akamweleza kwa sauti ambayo uani kote walisikia.

Ajuza akatikisa kichwa. "Na ule mtama mbichi," akauliza, "uliletwa na nani?"

Watu wakatazama miguu yao. Mbwana Kiluvia akakohoa. Yule mwanamke akalifungua fundo la mganda wake, akalifunga tena. Senzota peke yake ndiye aliyetazama juu, na si kwa ajili ya paa. Tone la kwanza lilikuwa limemwangukia usoni.

La pili likapenya paa, likaanguka mafigani, likalia *shii* juu ya kaa la moto.

Wanangu, mvua haingoji baraza liishe. Kuna nyumba tatu ambazo paa limekonda: ya Senzota, aliyekosa, akaficha, akalipa, akakiri, ya Namkunda, aliyeuliza akaacha uvumi utembee, na ya Kihara, aliyefunga mdomo kisha akafungua mlango. Bangili iko juu ya figa. Ghala limejaa, na mwaka wa njaa utakuja, kwa sababu huwa unakuja.

Mimi hufika hapa kila ninapokisimulia kisa hiki, na kila mara mganda unanilemea mkononi. Sasa nakupa wewe uushike. Fundo ni la ukoo wenu. Mvua ndiyo hiyo inateremka.

Je, unauezeka juu ya nyumba ya nani?