Wino wa Wajawazito wa Veldekerke

Haikuwa hivi tangu mwanzo, wenzangu. Zamani wanawake wa Veldekerke, mji wa Wakatoliki kule Flandria, Ulaya, walijifungua wakiwa na karatasi yenye picha ya Mtakatifu Margareta, mwombezi wa wanaojifungua, juu ya tumbo. Wino haukugusa ngozi.

Aliyezichonga picha hizo kwenye ubao wa kuchapia alipofariki, mjane wake, Geertrui, alishika patasi. Alijua kwamba ubao hugeuza: kilichochongwa kulia huchapwa kushoto. Lakini asubuhi ile bintiye Aleit, aliyekwisha kuzika vichanga wawili, alishikwa na uchungu chumba cha pili. Picha ilibakiza mikono tu, mmoja wa kubariki, mwingine wa kushika msalaba. Kila Aleit alipogumia, Geertrui aligeuza macho kuelekea chumbani. Geertrui alichonga mkono wa baraka kulia, akapaka wino, akachapa.

Padri Hubrecht, mkaguzi wa picha, alikuja kutia muhuri. Aliinua karatasi mbichi.

“Mama, Mtakatifu anabariki kwa kushoto?”

Geertrui alitazama.

“Ungekuwa na tumbo lile, Padri, usingeuliza mkono upi,” alidakia Machteld, mkunga, kutoka mlangoni.

“Nyamaza, bibi wee! Mkono wa kushoto ni wa waliolaaniwa. Karatasi motoni. Ubao nao motoni.”

Chumbani Aleit alipiga yowe. Geertrui aliukumbatia ubao, kisha akaugeuza.

“Utazame, Padri. Hapa anabariki kwa mkono wa kuume. Utamchoma Mtakatifu asiye na kosa?”

Padri alitazama ubao, akatazama karatasi, akarudi kwenye ubao.

“Karatasi tu,” alisema hatimaye. “Lakini ubao huu usiguse karatasi tena.”

Aliichoma kwa mkono wake, akaenda zake.

“Mtoto amekwama,” Machteld alinong'ona. “Tunamwekea nini?”

Geertrui aliingia na ubao, wino ukiwa haujakauka, akaukandamiza juu ya tumbo la bintiye. Kabla ya kengele ya jioni mtoto alilia. Walipouondoa ubao, Margareta alikuwa pale kwenye ngozi, akibariki kwa kushoto.

Machteld alivuta shuka upesi.

“Alikataza karatasi,” alisema. “Ngozi hakuitaja.”

Basi tangu mtoto yule alie, mjamzito wa Veldekerke hupigwa chapa ya ubao ule tumboni. Kila mwaka padri wa mji huubariki ubao, akiusifu mkono wake wa kuume. Tumbo hajaomba kulitazama.